Vumbi la Juu ya Boriti

Panya walikuwa wamegoma kuzidiwa. Kitinda alikaa mbele ya darubini tangu asubuhi akihesabu seli, akiandika, akihesabu tena, na kila alipolinganisha makundi yake mawili alikuta jambo lilelile: hakuna tofauti. Kundi la kwanza lilikuwa limepumua hewa safi. Kundi la pili, kwa wiki nane, liliwekwa kila siku kwa saa nzima ndani ya sanduku la kioo na kupuliziwa vumbi la unga. Kisha panya wote walidondoshewa puani bakteria wa nimonia. Siku ya tatu walilazwa kwa dawa, usingizi wa kutoamka, mapafu yao yakaoshwa, na maji yale ndiyo yaliyokuwa sasa chini ya darubini. Kitinda alikuwa na hakika panya wa vumbi wangeelemewa. Wapi! Walikuwa wamewamaliza bakteria upesi sawasawa na wenzao.

Jina la Kitinda lilikuwa la nyumbani, maana alikuwa mtoto wa mwisho. Liliingia maabara siku mama yake alipopiga simu ya ofisini na kumwambia mtunza panya, bila kujitambulisha, "Niitie Kitinda wangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Daktari tena isipokuwa Profesa, naye ni pale tu alipokuwa amekasirika.

Siku hiyo Profesa hakukasirika. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na alisoma karatasi ya hesabu akiwa amesimama.

"Labda vumbi halina kosa," alisema.

"Labda."

"Husemi kama mtu anayekubali."

"Sikubali," Kitinda alisema. "Ila sina cha kuonyesha."

Profesa alimrudishia karatasi. "Panya hawana sababu ya kutudanganya. Tafuta tulipojidanganya sisi. Usipopaona mpaka mwisho wa mwezi, tutafute swali jingine."

Swali hilo Kitinda hakuliokota vitabuni. Ndani ya vifuko vidogo vya mapafu, vya panya na vya watu, mna seli ambazo kazi yake ni kumeza kila kisichotakiwa: vumbi, moshi, wadudu wa magonjwa. Pale maabara waliziita wafagiaji. Mfagiaji akishindwa, huita msaada kutoka kwenye damu, na msaada huo huja kwa wingi na kwa fujo. Huwapiga wadudu kweli, lakini huliumiza na pafu lenyewe. Kitinda alitaka kujua kama mfagiaji aliyekwisha kujaa vumbi bado ana nafasi ya kumeza bakteria. Na alitaka kujua kwa sababu baba yake alikuwa amelazwa mara mbili kwa nimonia ndani ya miaka miwili, baada ya kusaga nafaka za watu kwa miaka thelathini na minne.

Baba mwenyewe hakuambiwa. Alijua tu kwamba mwanawe anachunguza mapafu kwa kutumia panya, jambo alilolisimulia kwa wateja kwa fahari na kicheko. Watu walimwita Mzee Chekeche, kwa kuwa hakumruhusu mteja kuondoka na unga wenye chenga. Alikuwa amestaafu, mashine akamwachia mwanawe wa kwanza, lakini kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye kiti chake ndani ya kinu, karibu na mdomo wa mashine, akisikiliza. Alisema akikaa nyumbani masikio yanamuwasha.

Jumamosi ile Kitinda alikwenda kuwasalimu wazazi wake akiwa amechoka, na uchovu humfungua mtu mdomo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Panya hawajambo?"

"Hawajambo mno. Ndiyo shida yenyewe."

Mama alicheka. Walikuwa mezani, watatu tu. Baba akataka kujua shida gani hiyo ya viumbe kuwa wazima, na Kitinda, bila kufikiri, akaanza kueleza habari za sanduku la kioo na kipulizio.

"Mnawapulizia nini?" Baba aliuliza.

"Vumbi la unga."

Kijiko cha Baba kilisimama. Alikohoa kidogo, kile kikohozi chake kifupi cha kila siku ambacho nyumba nzima ilikuwa imeacha kukisikia, akajifuta mdomo.

"La unga," alisema. "Ili waugue."

"Ili tuone kama linachangia, Baba."

"Kwa hiyo panya ni mimi."

Mama alimwangalia Kitinda kwa macho ya kumwambia anyamaze, na Kitinda, kwa bahati mbaya, akayaelewa kuwa ni ya kumwambia aseme.

"Daktari wa wodini aliuliza umefanya kazi gani maishani. Ulipomwambia, alitikisa kichwa tu, hakuandika kitu. Nikaona basi niandike mimi."

"Mashine ile ndiyo iliyowalisha," Baba alisema polepole. "Ndiyo iliyokuvalisha sare za shule. Leo umesoma, umefika, umegeuka kuja kuniambia kwamba ndiyo inayoniua."

"Sijasema hivyo."

"Bado panya hawajakuruhusu kusema." Akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona akizunguka nyumba mara mbili kama mtu anayekagua msingi, kisha akashika njia ya kinuni.

"Ungeniuliza kwanza," Mama alisema, akikusanya sahani. "Huyo mtu hajawahi kuogopa kufa. Anachoogopa ni kuambiwa alikosea."

Kitinda alirudi kwake jioni bila kuagana na baba yake. Siku nne zilipita. Alisafisha sanduku la kioo, akapima upya kipulizio, akarudia hesabu zote akianzia mwanzo. Mtunza panya, mwanamume mpole aliyezungumza na wanyama wake zaidi kuliko alivyozungumza na watu, alimwambia kwamba panya wa vumbi walikuwa wakitoka sandukuni weupe kama waokaji mikate, wakijipangusa nyuso na kupiga chafya, na baada ya dakika kumi wanakula kama kawaida. Kitinda aliliandika hilo pia, ingawa hakujua litamsaidia nini.

Siku ya tano, mchana, simu ililia.

"Unga gani?" Baba aliuliza. Hakusalimu.

"Baba?"

"Unga mnaowapulizia hao panya. Mmeutoa wapi?"

"Tulinunua dukani. Wa pakiti."

Ukaja mlio ambao Kitinda alidhani ni kikohozi, na kilikuwa kikohozi kweli, lakini kilianza kama kicheko.

"Wa pakiti!" Baba alisema alipopata pumzi. "Mtoto wa msagaji! Uliokobolewa, ukachekechwa, ukafungwa vizuri na picha juu! Mwanangu, unga huo ungekuwa unaua, waokaji wote wangekuwa makaburini. Njoo Jumamosi. Njoo na chupa safi."

Jumamosi hiyo kinu kilikuwa kimesimamishwa kwa saa moja. Kaka yake Kitinda alikuwa mlangoni, nyusi nyeupe kwa unga, akiwaomba radhi wateja wawili waliokalia magunia yao. Baba alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama mwalimu anayengoja darasa litulie.

"Chota hapo," alisema, akionyesha unga uliokuwa umemwagika chini ya mdomo wa mashine. "Usugue kwa vidole. Unasikiaje?"

"Una chembechembe."

"Mzito. Ukitoka tu, unaanguka. Huo ukiingia puani unapiga chafya, unatoka, mchezo umekwisha. Ndio ndugu ya ule wenu wa pakiti. Sasa gusa hapa." Akamwongoza kwenye rafu iliyokuwa usawa wa kifua. Vumbi la hapo lilikuwa laini zaidi, rangi ya majani makavu. "Hili ni la maganda. Linawasha macho. Nalo si neno sana."

Kisha akainua uso, akaangalia boriti za paa.

"Panda," alimwambia mwanawe wa kiume.

Kaka alileta ngazi. Aliporudi chini alikuwa na kitu juu ya kipande cha karatasi: vumbi la kijivu karibu na kahawia, laini kiasi kwamba lilitiririka kama maji karatasi ilipoinamishwa. Kitinda aliposogeza uso, pumzi yake tu ililiinua, na likabaki hewani kwenye mwanga wa mlango bila dalili ya kutua.

"Unaona?" Baba alisema. "Hilo halina haraka. Tukifunga kinu saa kumi, hilo bado linazunguka mpaka giza linaingia. Ndani yake mna ganda, mna udongo wa shambani, mna ukungu wa mahindi yaliyolala na unyevu, mna na chuma cha nyundo za mashine. Nimelifagia miaka yote, na kila nilipolifagia nililala na kifua kizito. Nilijua. Nisiseme sikujua."

Hayo ya mwisho aliyasema akiangalia chupa aliyokuwa akiijaza, si watu.

"Sikutaka kukuambia ulikosea," Kitinda alisema.

"Mashine haina kosa. Mimi ndiye niliyempa mgeni kiti na kumwacha akae." Akamkabidhi chupa iliyojaa. "Haya, kawaulize panya wako vizuri."

Kabla ya kulipeleka vumbi lile sandukuni, Kitinda alilipima. Chembe zake zilikuwa ndogo mno kuliko za unga wa pakiti, ndogo kiasi cha kuipita pua ya panya na kushuka mpaka chini kabisa. Alimwonyesha Profesa, na Profesa alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya puani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Nani alikuambia utafute darini?"

"Baba yangu. Ni msagaji."

"Na sisi tumekaa hapa mwaka mzima," Profesa alisema, "tukisoma makala."

Wiki nane nyingine zikaanza. Safari hii panya hawakutoka sandukuni weupe wala hawakupiga chafya sana. Walitoka kama walivyoingia, na mtunza panya alisema utulivu huo haukumpendeza. Walipodondoshewa bakteria, tofauti haikuhitaji hesabu ndefu. Kufikia siku ya pili panya wa hewa safi walikuwa wameanza kuchangamka. Panya wa vumbi walikuwa wamejikunja pembeni mwa vizimba, manyoya yamesimama, wanahema kwa kasi. Kitinda hakuwaacha wateseke. Aliwalaza usingizi mapema kuliko ilivyopangwa, akaosha mapafu, akakaa mbele ya darubini.

Wafagiaji walikuwa wamejaa. Kila seli ilikuwa imevimba kwa punje za kahawia, moja juu ya nyingine, kama gunia lililoshindiliwa kwa mguu. Bakteria walikuwa wametapakaa kando yao, wamegusana nao kabisa, bila kumezwa. Na pande zote, kwa mamia, ulikuwa umemiminika ule msaada wa kutoka kwenye damu, seli zenye viini vilivyokatikakatika, na pafu limevimba kwa vita vyao. Kitinda alihesabu picha kumi kabla hajagundua kwamba alikuwa ameacha kuandika.

Alikuwa amepata alichokitafuta, na hakufurahi. Alijikuta akikifikiria kile kikohozi kifupi cha mezani.

Baba alikuja maabara wiki iliyofuata, amevaa koti la sherehe. Chumba cha panya hakikuruhusu wageni, kwa hiyo alitazama kupitia kioo. Aliangalia safu za vizimba visafi, chupa za maji, matandiko meupe.

"Mimi hawa nimewatega maisha yangu yote kule kinuni," alimwambia mtunza panya. "Nimewaua sijui wangapi, na sikujifunza hata kitu kimoja. Na nyinyi mnawaua?"

"Ndiyo, mzee. Kwa dawa. Hawasikii maumivu."

"Mnasikia nyinyi?"

Mtunza panya alifikiri. "Kuna siku," alisema.

Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la heshima. Kisha Kitinda akamketisha mbele ya darubini na kumfundisha kuzungusha kirungu cha kuleta picha karibu. Ilimchukua muda. Alipoona, alitulia.

"Huyu mnene mwenye madoa ndiye nani?"

"Ndiye mfagiaji. Hayo madoa ni vumbi la boriti."

"Na hivi vijiti vidogo pembeni?"

"Bakteria."

"Anawaona?"

"Anawagusa. Ila hana tena pa kuwaweka."

Baba hakuondoa jicho. "Kashiba hata hawezi kuinuka," alisema taratibu. "Maskini. Na mimi huku kila asubuhi namwongezea sahani."

Kitinda alivuta kiti akakaa karibu naye. Alikuwa amejiandaa kusema mambo mengi, kwa lugha ya daktari na kwa lugha ya mtoto, lakini baba yake alimtangulia.

"Akiachwa apumzike, hamalizi kile alichokula?"

Hilo Kitinda hakulijua, na alimwambia hivyo. Lakini palikuwa na panya kumi na wawili wa vumbi waliobaki bila kuambukizwa, na wiki ile ile alikwenda kwa Profesa kuomba wasiguswe.

"Unataka kuwapa likizo?" Profesa aliuliza.

"Wiki nane za hewa safi. Kisha bakteria."

"Wazo lako?"

"La msagaji."

"Basi wape," Profesa alisema. "Huyo mzee hukisia vizuri kuliko sisi."

Wiki zile zilikwenda bila kishindo. Kitinda alifundisha wanafunzi kutengeneza slaidi, akaandika nusu ya makala, akaenda nyumbani kila Jumamosi. Baba alikuwa amehamishia kiti chake nje ya kinu, upande upepo unakotoka, akidai ni kwa muda tu, mpaka panya watoe uamuzi. Alilalamika kwamba kutoka pale mlio wa mashine ulikuja mwembamba, na kwamba mwanawe angeharibu nyundo bila yeye kusikia. Ndani, kaka alikuwa amefunga mfuko mrefu wa kitambaa kwenye mdomo wa mashine ili kukamata vumbi. Mama ndiye aliyeushona. Mara ya kwanza alishona mfupi, mara ya pili ukapasuka, na ya tatu akatangaza kwamba kama huu nao haufai wauvae wenyewe.

Wale kumi na wawili walipofika mwisho wa likizo yao, walipewa bakteria kama wenzao waliotangulia. Tisa walipambana vizuri, karibu sawa na panya wa hewa safi. Watatu walizidiwa. Chini ya darubini wafagiaji wengi walikuwa wapya, wepesi, matumbo yao yana bakteria waliomezwa. Lakini hapa na pale palikuwa na mmoja wa zamani, amejaa vilevile kama siku ya kwanza, hajapunguza punje.

Kitinda hakusubiri Jumamosi. Alikwenda siku hiyohiyo baada ya kazi, akamkuta Baba kwenye kiti chake cha nje na mteja mmoja akimsimulia habari za jirani. Alingoja mteja aondoke.

"Panya wameamua," alisema.

"Wamesemaje?"

Akamweleza yote, tisa na watatu, wapya na wa zamani. "Lakini panya si mtu, Baba. Wiki nane za panya sijui ni miaka mingapi yako. Na wao walikula vumbi miezi miwili, si miaka thelathini na minne. Siwezi kukuahidi kitu."

"Sikukuomba uniahidi." Alifikiri kidogo. "Wale watatu. Walikuwa na tofauti gani na wenzao?"

"Sijui bado."

"Hilo ndilo la kuuliza sasa."

"Ndilo nitakalouliza. Ila wewe kesho twende ukapimwe kifua. Daktari wa mapafu ninayemfahamu amekubali kukuona asubuhi."

Alitegemea ubishi. Baba alikuna kidevu, akaangalia ndani ya kinu, ambako mwanawe alikuwa akifunga chekeche kwa siku ile, pua na mdomo vimefunikwa kwa kitambaa.

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na mtanipulizia nini?"

"Utapuliza wewe, Baba. Kuna kibomba, unavuta pumzi, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote."

Kesho yake Mzee Chekeche alipuliza mara tatu, na mara zote tatu muuguzi alimwambia aongeze. Kibomba kilionyesha pumzi ya mtu aliyepungukiwa, wala si ya mtu aliyekwisha. Daktari alimwandikia dawa ya kuvuta na chanjo ya nimonia, akamuuliza alifanya kazi gani maishani. Baba alimweleza, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye faili na kungoja mpaka alipoona kalamu inatembea.

"Vumbi la juu," aliongeza. "Andika la juu. Lile la chini halina neno."